Kabla hatujapigania bei ya mbolea tena

Uzi mfupi, wadau. Kila mvua ikikaribia, mjadala ni ule ule: mbolea ya ruzuku. Hawa wanaahidi kushusha bei, wale wanasema magunia yanaliwa njiani. Mimi nauliza kitu kingine: ilikuwaje mkulima wa ekari moja akafika mahali bila duka hapandi?

Turudi 1964. Kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi ya haibridi, H611. Tusidanganyane, yalizaa vizuri na yakasambaa haraka. Lakini haibridi ina masharti yake: ukipanda tena mbegu ulizovuna, mavuno yanashuka. Kwa hivyo kila mwaka unarudi kununua. Hilo lilibebeka wakati afisa wa kilimo alikuwa anafika shambani na serikali inapanga bei ya mahindi.

Kisha ukaja ukame wa 1984. Mwaka huo huo, hapo hapo Kitale, kwenye ghala la mahindi la nchi, ikaanzishwa Manor House Agricultural Centre. Miaka miwili baadaye ikaja Kenya Institute of Organic Farming. Mafunzo yao hayakuwa uchawi: chimba kitalu kina kirefu ili mizizi ishuke, tengeneza mboji kwa samadi na majani, changanya mimea, chagua mbegu zako na uziweke vizuri. Ni kazi ngumu, mgongo unauma, lakini pesa inabaki nyumbani.

Miaka ya tisini soko likafunguliwa kwa masharti ya wakopeshaji. Serikali ikapunguza kuajiri, na afisa wa kilimo akawa kama mwezi mwandamo, unamtafuta kwa macho. Mafunzo ya kilimo hai yakabaki kwa mashirika na makanisa, kwa pesa za wafadhili. Mradi ukiisha, gari linaondoka.

Sasa hii ndio sehemu huwa haitajwi kwenye mikutano. Marekebisho ya 2012 ya sheria ya mbegu yaliweka adhabu ya hadi shilingi milioni 1 au jela miaka 2 kwa anayeuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Yaani mama anafunzwa kutunza mbegu za kunde, halafu akimuuzia jirani kikombe kimoja, ni mhalifu! Wakulima wadogo walienda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikavitupa vifungu hivyo.

Najua kuna mtu atanitupia Sri Lanka hapo chini. Ni haki yake. Mwaka 2021 walipiga marufuku mbolea za kemikali ghafla, mavuno yakaanguka, na kabla mwaka kuisha wakarudi nyuma. Ukimnyang'anya mkulima gunia bila kumfunza kutengeneza mboji, utavuna hayo.

Kilimo kiko chini ya kaunti tangu 2013. Mgombea akija kwenu na hesabu ya magunia, muulizeni wadi yenu ina maafisa wangapi wa nyanjani, na mafuta ya pikipiki yao yametengewa pesa ngapi.