Porsche 917: gari iliyookolewa na wadudu

Wadau, leo tuiangalie Porsche 917, gari ya Kijerumani ya mbio ndefu kama zile za masaa 24 za Le Mans, Ufaransa. Ilionyeshwa mara ya kwanza Geneva, Machi 1969. Sheria ya wakati huo ilisema ukitaka kuleta injini ya hadi lita 5, lazima utengeneze gari 25. Ferdinand Piëch, bosi wa ufundi pale Porsche, akazitengeneza kweli. Aprili zilipangwa mstari mmoja kiwandani, wakaguzi wakahesabu wenyewe.

Injini aliibuni Hans Mezger: silinda 12 zimelala, sita huku sita huku, lita 4.5, nguvu za farasi zaidi ya 500. Haina maji wala rejeta! Inapozwa na feni kubwa iliyolazwa juu yake. Fremu ni mabomba ya alumini, uzito haufiki kilo 50, na ndani yake walijaza gesi. Geji ikishuka, ujue kuna bomba limepasuka. Miguu ya dereva ilikaa mbele kuliko ekseli, yaani ukigonga kitu miguu ndo inatangulia.

Tatizo gari haikukaa barabarani. Ikikaribia kilomita 300 kwa saa mkia unakuwa mwepesi, inayumba, hata madereva wa kampuni wakawa wanaikwepa. Juni 1969 Mwingereza John Woolfe aliingia Le Mans na 917 aliyoinunua mwenyewe. Alikufa mzunguko wa kwanza tu. (Siku hizo mbio zilianza kwa dereva kukimbilia gari, wengi waliondoka bila kufunga mkanda.)

Oktoba wakaenda kuijaribu Zeltweg, Austria. Injinia John Horsman wa timu ya John Wyer akaona kitu: bodi ya mbele imejaa wadudu waliokufa, nyuma kusafi kabisa. Maana yake upepo ulikuwa unapita juu bila kugusa mkia, hakuna cha kuukandamiza chini. Wakakata bati za alumini palepale, wakaunga mkia mfupi ulioinuka. Brian Redman akatoka nayo, ikatulia.

Ndo ikazaliwa 917K. Juni 1970 Hans Herrmann na Richard Attwood wakaipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans. 1971 Helmut Marko na Gijs van Lennep wakashinda kwa kilomita 5,335, rekodi iliyokaa mpaka 2010. Baada ya msimu huo kikomo kikashushwa hadi lita 3, mlango ukafungwa. 917 ikahamia mbio za Can-Am kule Amerika ya Kaskazini, ikafungwa turbo, na kufikia 1973 ilikuwa imepita farasi 1,000.