Kipokezi: Jinsi UVIKO-19 Ulivyovuka Kifua

Mwanzoni mwa 2021, Mbinga kama kwingine Tanzania, wengi hawakupenda kutaja korona. Walisema changamoto ya upumuaji. Jina UVIKO-19 lilizoeleka baadaye, chanjo ilipoanza Julai mwaka huo, na likakita mizizi kabisa pale fedha za mkopo wa IMF wa kukabiliana na ugonjwa huo zilipojenga madarasa nchi nzima. Watu wakayaita madarasa ya UVIKO, hata wale ambao ugonjwa wenyewe hawakuwahi kuutamka.

Changamoto ya upumuaji ni jina la staha, lakini liliufungia ugonjwa wote kifuani. Tiba nazo zikalifuata jina: nyungu, mchaichai, mikaratusi, tangawizi, blanketi zito na jasho. Mtu akiacha kukohoa, amepona.

Basi mfikirie mama wa Mapera, hukohuko Mbinga, msimu wa kuchuma kahawa, debe kichwani, akipandisha mteremko wa mashamba ya ngoro ambao ameupanda tangu usichana. Katikati anasimama. Moyo unamwenda mbio, miguu imelegea. Kwenye zahanati, muuguzi anamsikiliza kifua na kusema, "Mama, mapafu yako safi." Naye anajibu, "Kifua kimeisha, mwanangu. Ila mwili ndio haujarudi."

Wote wawili wanasema kweli. Istilahi inayotufumbulia fumbo lao ni kipokezi: protini ambayo kwa kawaida iko juu ya seli, ambapo kitu maalumu hunasa na kuichochea seli itende jambo, au hupata njia ya kuingia. Homoni nyingi hufanya kazi kwa kunasa hapo, na dawa nyingi pia. Neno limeundwa kutokana na kupokea. Wapo wanaoandika kipokeo, ila mimi naona kipokezi kinakaa vizuri zaidi mdomoni, na undugu wake na mapokezi ya hospitali unamsaidia msomaji.

Virusi vya UVIKO-19 hunasa kwenye kipokezi kiitwacho ACE2. Hicho kilijulikana tangu 2000 kama kimeng'enya, na kazi yake haihusiani na virusi hata kidogo: huivunja anjiotensini II, kemikali inayobana mishipa ya damu na kupandisha presha. Mwaka 2003 ikabainika kwamba virusi vya SARS huingilia hapo. 2020 ikaonekana kwamba vya UVIKO-19 vinatumia mlango uleule. Kukiita kipokezi cha korona, kana kwamba mwili ulikiweka kwa ajili ya ugonjwa, ni kukisingizia.

Hoja kubwa ni mahali kilipo. ACE2 ipo kwenye mapafu, lakini pia kwenye utumbo, figo, moyo na mishipa ya damu. Ndiyo maana wapo walioanza kwa kuharisha kabla ya kikohozi. Hata hivyo si kila kiungo kinachoumia kimevamiwa na virusi moja kwa moja. Mara nyingi ni kinga ya mwili iliyopitiliza, au utando wa ndani wa mishipa uliojeruhiwa na kufanya damu igande ovyo. Bonge likienda kwenye ubongo ni kiharusi, likinasa kwenye moyo ni shambulio la moyo. Figo za wagonjwa mahututi zilishindwa kuchuja, na sukari ikawapanda hata watu ambao hawakujijua kuwa na kisukari.

Pua inatoa mfano mzuri kuliko yote. Mtu aliweza kukaanga usipa wa Ziwa Nyasa mpaka ukaungua asinuse lolote, na mafua hana. Vipokezi vya ACE2 haviko kwa wingi kwenye neva za kunusa zenyewe. Viko kwenye seli jirani zinazozihudumia. Seli hizo zikiumia, neva hukosa matunzo, na harufu hutoweka.

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ufafanuzi wa hali ya baada ya UVIKO-19: dalili zilizopo kwa kawaida miezi 3 tangu kuugua, zimedumu walau miezi 2, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Wengine husema UVIKO sugu. Jina hilo silipendi, kwa sababu kifua kikuu sugu kwetu ni kile kinachokaidi dawa, na mama wa Mapera ataogopa bure. UVIKO wa muda mrefu ni afadhali, ingawa nalo linadokeza kwamba virusi bado vipo, jambo ambalo si lazima. Hali ya baada ya UVIKO ni refu, lakini halidanganyi.

Sharti lile la mwisho la ufafanuzi, la kutoelezeka kwa ugonjwa mwingine, ndilo lenye kazi. Kabla ya kumwambia mama ni UVIKO, apimwe malaria, wingi wa damu na kifua kikuu. Kisha presha, akiwa amelala na akiwa amesimama, sukari kwa tone la damu kidoleni, na mkojo kwa kijiti kuona kama figo zinavujisha protini. Moyo ukiendelea kwenda mbio, aandikiwe rufaa ya kipimo cha umeme wa moyo, hata kama mapafu yake ni safi.