Safari ya Siku Moja katika Njia ya Pangani

Wengi wetu tuliosomea Tanga tulilijua mapema jina la Vasco da Gama, tukakariri jinsi alivyoizunguka Rasi ya Tumaini Jema hata akafika Bara Hindi. Ni wachache walioambiwa kwamba merikebu yake moja iliteketezwa mbele ya kijiji kilicho kilomita 17 tu kusini ya mji wetu. Tutajapo matembezi, fikira zetu hukimbilia Serengeti au Ngorongoro, ambako nauli peke yake humshinda mzazi. Njia ya Pangani, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, hutembelewa kwa siku moja kwa basi la kawaida.

Tungeshauri wasafiri waanzie mwisho. Asubuhi na wapite Machui, ambako Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, na ambako alizikwa mwaka 1962. Mwanafunzi aliyehifadhi beti zake kwa ajili ya mtihani hufurahi kuona kwamba bingwa huyo alitoka katika kijiji kama chake mwenyewe. Kisha waende moja kwa moja hadi Pangani, mji wa mdomo wa mto, ambao mwaka 1888 uliwakatalia Wadachi bendera yao, na ambako Bushiri bin Salim alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Habari hizo zimo vitabuni, hatuna haja ya kuzirefusha.

Alasiri, wakati wa kurudi, ndipo washuke Tongoni. Jina lenyewe lajieleza: tongo ni mahali palipohamwa. Zamani paliitwa Mtang'ata. Yapo magofu ya msikiti wa matumbawe, na pembeni yake makaburi yapatayo 40, ambayo zaidi ya 20 yalijengewa nguzo. Hatujui mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi namna hii pamoja. Mengi ni ya karne ya 14 na 15.

Mwezi wa Aprili 1498 merikebu iitwayo São Rafael ilipwelewa juu ya mafungu yaliyo mbele ya pwani hii. Watu wakaijia kwa mitumbwi miwili, mmoja umejaa machungwa, nao wageni wakakiri kwamba yaliyashinda ya kwao Ureno. Maji yalipojaa, merikebu ikaelea. Januari 1499 Wareno wakarejea kutoka Bara Hindi, wengi wao wamekwisha kufa kwa kiseyeye. Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, basi São Rafael ikachomwa moto kwenye mafungu yale yale. Walikaa siku 15, na wenyeji wakawa wakiwaletea kuku, wakibadilishana nao kwa mashati na bangili.

Habari hii tunaipata katika kitabu cha safari cha Wareno wenyewe. Kilitaja kuku na machungwa. Majina ya walioyaleta hakikuyataja. Yamkini baadhi yao wamelala chini ya nguzo hizi, na kwa sababu hiyo sisi twaona kwamba somo la da Gama, kwa mtoto wa Tanga, lingefaa lianzie hapa ufukoni, pale mitumbwi ilipotoka, kabla ya kufika Lisbon.

Lakini mahali penyewe pamedhoofu. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Katika zile zilizosalia huonekana vishimo vya mviringo; humo zilipachikwa bakuli za kauri zilizotoka Uchina, nazo zimeng'olewa na mikono ya wapitao. Mwalimu na awaonye wanafunzi wake wasipande makaburi wala wasichore majina yao katika chokaa. Nao wakiulizwa swali moja kabla ya kupanda basi, liwe ni bakuli ngapi zilizopotea: vishimo bado vyahesabika.