Ngoma ya Mwami: Sauti na Mwendo, Kutoka Gishora Hadi Ngagara

Mwaka 1960 msanii wa Uswisi, Jean Tinguely, alisimamisha katika bustani ya Jumba la Sanaa za Kisasa mjini New York mtambo uliounganishwa kwa magurudumu, injini na piano. Mtambo ule ulitikisika, ukapiga makelele, na mwishowe ukajivunja wenyewe mbele ya wageni waalikwa. Wapo waliodhani kwamba siku hiyo sanaa ya kuunganisha sauti na mwendo ndiyo kwanza ilikuwa ikizaliwa. Msomaji aliyepata kuwaona abatimbo wa Burundi wakiingia uwanjani kwa msafara, kila mmoja amejitwika ngoma kichwani na huku anaipiga, hatakubali dai hilo kwa urahisi. Pale chombo chenyewe hutembea. Mpigaji hutembea pamoja nacho, na sauti hubadilika kadiri msafara unavyokaribia.

Kwa sisi tunaofundisha lugha, yafaa tuanze na neno. Kirundi husema *ingoma*, nasi twasema ngoma; asili ni moja. Lakini katika Kirundi neno hilo lina maana ya pili ambayo Kiswahili hakikuihifadhi: *ingoma* ni ufalme pia. Kushika ngoma ni kutawala. Wazo hilo si geni kabisa pwani, kwani Mwinyi Mkuu wa Unguja naye alikuwa na ngoma na siwa zake za enzi, zilizotunzwa Dunga. Tofauti ni kwamba huko pwani siwa ndiyo iliyopata sifa kubwa zaidi, hali Burundi ngoma haikuwa na mshindani.

Matayarisho yake huanzia msituni. Mti unaotumika ni mringaringa, ambao Warundi huuita *umuvugangoma*, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Gogo hukatwa, likachimbwa ndani, kisha ngozi ya ng'ombe huwambwa juu yake na kukazwa kwa vigingi vya mti. Majina ya sehemu za ngoma yanastahili kuangaliwa kwa makini. Ngozi huitwa *icahi*, jina la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Vigingi ni *amabere*, yaani matiti. Sehemu ya kati ni *inda*, tumbo. Na ya chini ni *umukondo*, kitovu. Tena kuna *urugori*, jina la taji la mwanamke aliyezaa. Chombo kizima, basi, ni mwili wa mama. Nitalirudia jambo hili baadaye, maana lina uzito wake.

Mpangilio nao hauachwi kubahatisha. Ngoma kumi na kitu, ambazo idadi yake huwa witiri daima, hupangwa nusu duara. Katikati hukaa *inkiranya*, ngoma inayoongoza. *Amashakwe* hushika pigo lisilokatika, na *ibishikizo* hufuata mwongozo wa *inkiranya*. Mpigaji mmoja hutoka mstarini, akaiendea ngoma ya katikati, akaruka juu, akacheza na fimbo zake, akaipiga. Kisha humwachia mwenzake zamu. Kwa hiyo si kweli kwamba wapo wapigaji upande mmoja na wachezaji upande mwingine. Mruko ni sehemu ya pigo, kwa kuwa wenzake hungoja miguu yake kama wanavyongoja fimbo zake.

Zamani hayo yote yalikuwa na wakati wake maalumu. Sikukuu ya Umuganuro, iliyofanyika kila mwaka kufungua msimu wa kupanda mtama, ndiyo iliyokuwa kilele. Ngoma kuu, Karyenda, ilitokezwa, na mwami akabariki mbegu. Ngoma nyingine, Rukinzo, ilifuatana na mwami kila aendako. Ngoma hizi zilikuwa na walinzi wake, koo zilizokabidhiwa kazi hiyo vizazi kwa vizazi katika vilima maalumu. Kilima kinachojulikana zaidi leo ni Gishora, karibu na Gitega. Kulingana na mapokeo, Mwami Mwezi Gisabo alikijenga baada ya kumshinda chifu mwasi, Ntibirangwa. Huko hutunzwa ngoma mbili zenye majina, Ruciteme na Murimirwa. La kwanza lina maana ya yule ambaye watu humfyekea msitu, na la pili yule ambaye watu humlimia. Hata majina ni ya kilimo.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ngoma iliwekwa katikati ya bendera pamoja na mche wa mtama. Haikukaa muda mrefu. Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero aliufuta ufalme, na ngoma ikaondolewa benderani. Mwaka uliofuata zikawekwa nyota tatu. Hapa ndipo swali lenyewe linapozaliwa. Ikiwa neno moja lina maana ya ngoma na ufalme, na ufalme umekwisha, kinachobaki mikononi mwa mpigaji ni nini?

Swali hilo huonekana waziwazi zaidi mjini kuliko kilimani, na mfano mzuri ni Ngagara, upande wa kaskazini wa Bujumbura. Mitaa yake ilijengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950, wakati mji ungali ukiitwa Usumbura, kwa mkono wa shirika lao la nyumba lililojulikana kwa kifupi kama OCA. Ndiyo sababu wakazi waliuita OCAF. Mitaa ilipewa namba badala ya majina ya vilima. Mahali pa namna hiyo hapana ukoo uliokabidhiwa Karyenda, wala hapana mti wa mringaringa wa mababu. Kijana wa mjini atakaye ngoma hana budi kujifunza kama ajifunzavyo hesabu, kwa mazoezi, pamoja na wenzake ambao baba zao walitoka vilima mbalimbali. Kwa maoni yangu hilo si pungufu. Kilichokuwa urithi wa damu kimekuwa elimu, na elimu yaweza kumfikia mtu yeyote.

Wakati huohuo ngoma ilikuwa ikisafiri kwa njia nyingine, nayo haikuwa na heshima sana. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na mwaka uliofuata Ocora, idara ya santuri ya redio ya Ufaransa, ikautoa. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa aliuchukua mlio wa ngoma zile, akaongeza piano na gitaa, akautoa kwa jina la "Burundi Black". Santuri hiyo ikapendwa Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliutumia mlio wa ngoma za Burundi katika wimbo wake "The Jungle Line", na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya vijana wa London vikajenga mtindo mzima juu ya pigo hilo. Jina la nchi lilivuma. Majina ya wapigaji hayakuvuma. Tena santuri ilikuwa imechukua nusu tu ya sanaa: sauti ilikwenda London, mruko ukabaki Burundi.

Nusu ya pili ilifika Julai 1982, kikundi cha wapiga ngoma wa Burundi kilipopanda jukwaani katika tamasha la kwanza la WOMAD, Shepton Mallet, Uingereza. Hapo watazamaji waliona chanzo cha mlio walioujua kwa masikio tu. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika sanaa hii katika orodha ya urithi wa wanadamu, na ikaiita "ngoma ya ibada ya ngoma ya kifalme". Mfasiri wa Kiswahili hapa hukwama, kwa kuwa ngoma ya kwanza ni kucheza na ya pili ni chombo. Nadhani mara hii lugha yetu, kwa kutotenganisha, iliona sawasawa kuliko lugha zinazotenganisha.

Miaka mitatu baadaye serikali ilirudi kudai ngoma. Amri ya Rais Pierre Nkurunziza ya Oktoba 2017 iliagiza kwamba ngoma zipigwe katika sherehe rasmi. Mwenye kuzitaka kwingineko aombe ruhusa ya wizara ya utamaduni na kulipa faranga 500,000 za Burundi. Kwa mtaa kama Ngagara, maana yake ni kwamba bwana arusi asiye na fedha hizo aoe bila ngoma. Amri hiyohiyo iliwakataza wanawake kuzipiga. Wakaruhusiwa kucheza pembeni, wakati kila sehemu ya chombo kile, kuanzia *icahi* hadi *umukondo*, ina jina lililotoka katika miili yao na malezi ya watoto wao.