Nakala na Idhini: Juu ya Swali la Kutoweka kwa Diski katika Biashara ya Michezo ya Video

1. Utangulizi

Kila chombo kipya cha kubebea maneno, sauti au picha kiingiapo sokoni, huzuka makundi mawili ya watabiri. Kundi la kwanza hutangaza kwamba chombo cha zamani kitakufa kesho. La pili huapa kwamba hakitakufa kamwe. Mara nyingi historia imeyakadhibisha yote mawili. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali moja la namna hiyo, ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa la watoto: je, michezo ya video, au gemu kama vijana wetu wazitavyo, itaacha kabisa kuuzwa katika diski na kaseti, iwe yapatikana kwa njia ya mtandao pekee?

Tutadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya biashara hiyo imekwisha kuhama, wala haielekei kurudi, ingawa neno “kabisa” lina kasoro. La pili, ambalo kwetu ni zito zaidi, ni kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya. Tofauti ya msingi haiko baina ya kinachoshikika na kisichoshikika, bali iko baina ya nakala na idhini. Ushahidi tutauchota katika historia ya biashara yenyewe ulimwenguni, kisha tutaupima katika mazingira ya mji wa soko kama Kiritiri, Mbeere Kusini, katika Kaunti ya Embu. Nadharia iliyokatwa kwa kipimo cha Tokyo na London haina budi kupimwa pia Kiritiri kabla ya kuitwa nadharia ya ulimwengu.

2. Historia fupi ya chombo

Katika kiothi cha Wameru, giuthi ya Wagikuyu na bao la pwani, chombo cha mchezo ni mashimo na kete, nazo kanuni zimo vichwani mwa wachezaji. Akosaye ubao huchimba mashimo ardhini, akaendelea. Hakuna awezaye kuwanyang'anya watu mchezo huo, kwa kuwa hakuna aliyeushika peke yake. Mchezo wa video ni wa namna nyingine. Kanuni zake zimeandikwa kwa lugha ya mashine, na asiye na maandishi hayo hana mchezo. Kwa hiyo, kuuliza ni nani anayeyashika maandishi ni sawa na kuuliza ni nani anayeumiliki mchezo.

Atari ilipotoa mashine yake maarufu mwaka 1977, maandishi hayo yalifungwa ndani ya kaseti ya plastiki. Mwaka 1994 Sony ilitoa PlayStation nchini Japani, ikatumia sahani ya CD, iliyo rahisi kutengeneza na yenye nafasi kubwa zaidi. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilitumia DVD, na mashine zaidi ya milioni 150 za aina hiyo zikauzwa duniani.

Wengi hudhani kwamba kusambaza gemu pasipo chombo ni uvumbuzi wa karne hii. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1983 huduma iitwayo GameLine iliwawezesha wenye mashine za Atari nchini Marekani kupokea gemu kwa waya wa simu. Mwaka 1994 Sega ikaanza kuzipeleka kwa kebo za televisheni, na mwaka 1995 Nintendo ikazirusha kwa setilaiti nchini Japani kupitia kifaa cha Satellaview. Kufikia mwisho wa mwaka 2000 huduma zote tatu zilikuwa zimefungwa, na baadhi ya yaliyorushwa na Satellaview hayajapatikana tena. Kaseti za miaka hiyo hiyo bado zinachezwa.

Mageuzi ya kudumu yalianza Septemba 2003, kampuni ya Valve ilipoanzisha Steam kwa wachezaji wa kompyuta. Mwaka 2004 hata aliyenunua diski ya Half-Life 2 dukani alilazimika kujiandikisha katika Steam kabla ya kucheza. Tuizingatie hatua hii: diski ilikuwapo mkononi, lakini ruhusa ilikuwa kwingine. Mwaka 2013 Microsoft ilijaribu kuweka masharti ya kubana uazimaji na uuzaji upya wa diski za Xbox One, ikarudi nyuma mwezi Juni baada ya wateja kupiga kelele. Hata hivyo mkondo haukugeuka. Mwaka 2020 Sony ilitoa aina ya PlayStation 5 isiyo na mlango wa diski, na PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 ikaja bila mlango huo. Autakaye huununua kando. Kwa hesabu za Sony yenyewe, zaidi ya theluthi mbili ya gemu kamili zinazouzwa kwa ajili ya mashine zake hupakuliwa mtandaoni. Upande wa kompyuta, diski imekwisha kuwa kumbukumbu tu.

Lakini yapo pia ya kumzuia mtabiri asiseme “kabisa”. Gemu ya Alan Wake 2 ilitolewa Oktoba 2023 pasipo diski, na mwaka mmoja baadaye diski yake ikatolewa kwa kuwa walikuwapo walioitaka. Katika muziki, santuri zilizotangazwa kufa zilizipita CD kwa idadi ya mauzo nchini Marekani mwaka 2022, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Chombo cha zamani kikishindwa sokoni hakifi papo hapo. Hupungua, kikawa cha wachache wanaokithamini. Hivyo ndivyo tutarajiavyo diski itakavyokuwa.

3. Suala hili katika mji wa soko

Duka la dijitali lahitaji mambo matatu: umeme, data na njia ya kulipia. Habari ya umeme katika Mbeere ina kinaya chake. Kati ya mwaka 1968 na 1988 Mto Tana ulizibwa kwa mabwawa matano ya Seven Forks, kuanzia Kindaruma hadi Kiambere, na kwa miaka mingi umeme wa mto huo ulipita juu ya vichwa vya wenyeji ukielekea mijini kabla ya kushuka vijijini mwao. Njia ya fedha ilifunguka M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, nayo njia ya data ikapanuka nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009. Kwa hiyo, kwa kanuni, kijana wa Kiritiri leo anaweza kununua gemu ile ile, saa ile ile, anunuayo kijana wa Chicago.

Kwa vitendo, hesabu haikubali. Tangu mwaka 2020 gemu kubwa nyingi mpya huuzwa kwa dola 70, takriban shilingi elfu tisa za Kenya. Gemu moja huweza kupita gigabaiti mia moja, nazo data hununuliwa kwa vifurushi vidogo. Mapato ya kijana katika nchi ya muguka huja kidogo kidogo, kwa siku na kwa msimu. Uchumi wa namna hiyo hauzai mnunuzi wa gemu. Huzaa mlipaji wa mchezo mmoja. Ndiyo sababu katika miji midogo ya Kenya gemu ilienea kupitia kibanda chenye mashine na televisheni, ambamo mtu hulipa shilingi chache akacheza mechi moja ya kandanda, kisha akampisha mwenziwe.

Kibanda hicho kiliishi kwa chombo kilichoweza kutoka mkono hadi mkono. Diski ikichosha, hubadilishwa na ya kibanda kingine. Haina budi isemwe pia kwamba diski nyingi zilizoenea katika miaka ya 2000 zilikuwa nakala zisizo halali, na baadaye gemu zilinakiliwa moja kwa moja kutoka diski ya mashine moja hadi ya nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza jambo hilo. Hatulisifu, twalieleza tu. Kihistoria lina maana kubwa: gemu zilikwisha kuvua maganda yake katika vibanda vyetu kabla mtandao haujazileta. Zilikuwa za dijitali, lakini ziliendelea kutembea kwa miguu. Mgawanyo wa “chombo au mtandao” haulielezi jambo hilo.

Kuna kundi la pili lisilokuwa na swali lolote la kuhama. Hao ni wachezaji wa simu, ambao kwao gemu haikuwahi kuwa na kasha. Kwa wengi wao mtandao ndio mwanzo, wala si mwisho wa safari. Kwa hiyo atakayeuliza ni lini Kenya itahamia gemu za dijitali amechelewa. Kenya ya simu imekwisha kuzaliwa humo.

4. Nakala na idhini

Nakala ni kitu kilichotoka mikononi mwa aliyekitoa. Aliyenayo aweza kuiazima, kuirithisha au kuiuza. Idhini hubaki kwa aliyeitoa. Aliyepewa huitumia kwa muda na kwa masharti. Tukiwa na tofauti hiyo, matukio ya miaka ya karibuni yanasomeka vizuri zaidi.

Mwezi Machi 2023 Nintendo ilifunga uuzaji katika maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Mwezi Septemba mwaka huo huo, kampuni ya EA ilipoliacha jina la FIFA, gemu zake za zamani za FIFA, pamoja na FIFA 23 ya mwaka uliotangulia, ziliondolewa katika maduka ya dijitali. Walionunua waliendelea nazo, lakini mnunuzi mpya alibaki na diski tu za kutafuta. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ikazima seva za The Crew, gemu iliyotolewa mwaka 2014, na hata waliokuwa na diski hawakuweza kuicheza tena. Mwaka 2025 Nintendo ilileta Switch 2 ikiwa na kadi za aina ambayo ndani yake hamna gemu, bali ufunguo wa kuipakua. Basi diski yaweza kuwa idhini iliyovaa nguo ya nakala, na faili iliyonakiliwa yaweza kuwa nakala isiyo na nguo yoyote.

Gharama yake kwa historia inaonekana tayari. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni. Tulinganishe na mfano wa nyumbani. H. S. K. Mwaniki alipokusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere, vitabu vyake vilichapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1973 na 1974. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika hilo la uchapishaji likavunjika nayo. Mchapishaji alikwenda, vitabu vikabaki katika rafu za maktaba, na mwanafunzi wa leo huvisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Lau wazee wale wangalihifadhiwa kwa idhini iliyotegemea seva ya shirika lile, sauti zao zingalizimika pamoja nalo.

5. Neno kununua na neno kupakua

Kwa wanafunzi wa lugha, suala hili lina mlango mwingine. Kiswahili kilipokutana na vyombo vipya kilivipa majina bila taabu: santuri, kanda, kaseti, diski. Kitendo cha kuchukua faili mtandaoni kilipohitaji jina, lugha ilikwenda bandarini na jikoni ikatwaa kupakua. Mwenye kupakua shehena huitoa chomboni ikawa nchi kavu. Mwenye kupakua chakula hukitoa chunguni kikawa sahanini mwa mlaji. Kwa maana zote mbili, kilichopakuliwa kimekwisha kubadili mikono. Lakini gemu iliyopakuliwa mara nyingi bado imefungwa kwa kamba ya akaunti, na mwenye chungu aweza kuivuta. Neno letu linaahidi zaidi ya duka linavyotoa.

Neno kununua lina tatizo hilo hilo. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuza bidhaa za dijitali kutumia neno “nunua” pasipo kumweleza mteja kwamba anapewa leseni tu. Yaani bunge lilikaa likatunga sheria juu ya matumizi ya kitenzi. Sisi tunaofundisha lugha tusingoje bunge. Istilahi zikitafsiriwa kwa ajili ya maduka na mikataba ya dijitali, itafaa pasemwe “kununua idhini” au “kukodi” pale ambapo hakuna kinachohamishwa, na “kununua” libakizwe kwa kile ambacho mtu aweza kumwachia mwanawe.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba biashara ya gemu imehama kwa kiasi kikubwa, na kwamba diski itabaki kwa wachache. Tumeona pia kwamba katika mji kama Kiritiri, kinachopotea diski inapokwenda si plastiki yake; ni ule uwezo wa kitu kimoja kutumiwa na wengi, kutoka mkono hadi mkono, kwa fedha ya siku. Akaunti ya mtu mmoja haiazimiki kama diski ilivyoazimika, na kibanda kilichosimama juu ya kuazimana hakitasimama juu yake. Kwa hiyo, kazi iliyo mbele ya maktaba zetu, wanasheria wetu na waundaji wa istilahi si kuitetea diski. Ni kuitetea nakala, katika umbo lolote itakalovaa, na kumwambia mnunuzi kwa Kiswahili kilicho wazi ni kipi hasa alichopewa.