Mti Usio na Bei: Biashara Ndogo, Maadili na Mazingira katika Ukanda wa Kwala

Mjadala kuhusu biashara ndogo zinazozingatia maadili na kutunza mazingira umezoea kumtazama mfanyabiashara mwenyewe, yaani nia yake, elimu yake na bidhaa anayoitengeneza. Anayeuza asali huhesabiwa kuwa yuko upande wa haki, na anayechoma mkaa huhesabiwa kuwa mharibifu, kana kwamba kila mmoja wao alikaa akachagua tabia kabla ya kuchagua kazi. Makala haya yanajenga hoja tofauti kwa kutumia mfano wa Kwala, kata ya Wilaya ya Kibaha mkoani Pwani, pamoja na wilaya jirani ya Kisarawe. Hoja yenyewe ni kwamba uadilifu wa biashara ndogo hutegemea zaidi ni nani mwenye ardhi na mti, na ni nani anayeshika kipimo sokoni, kuliko unavyotegemea dhamiri ya muuzaji. Na kwamba pale ambapo mali ya asili haina mwenyewe wa kuidai, anayefuata maadili hushindwa sokoni hata awe hodari kiasi gani.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa kwanza. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaiita biashara ndogo sana ile yenye watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, na biashara ndogo ile yenye watu 5 hadi 49 na mtaji usiozidi shilingi milioni 200. Kwa kipimo hicho mama lishe, mchoma mkaa, mfuga nyuki na msindikaji wa mihogo wa vijijini karibu wote huangukia kundi la kwanza, ambalo hutajwa sana katika hotuba na kuhesabiwa kidogo katika takwimu. Biashara endelevu, kwa upande wake, itachukuliwa hapa kuwa ile isiyokula mtaji wa asili unaoizalisha: inavuna msitu bila kuumaliza na kutumia maji bila kuyachafua, tena haimwachii jirani gharama ambayo mwenye biashara ameikwepa.

Kwala inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu nyakati mbili zinakutana hapo. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala, yaani eneo la nchi kavu ambako makontena hupokelewa, kuhifadhiwa na kusafirishwa ili kuipunguzia msongamano Bandari ya Dar es Salaam. Eneo lililotengwa lina ukubwa wa hekta 502, limeunganishwa na barabara kuu kwa njia ya zege ya kilomita 15.5 kutoka Vigwaza, linahudumiwa na reli, na kando yake inajengwa kongani ya viwanda inayotarajiwa kuwa na viwanda 200. Hata hivyo, muda mrefu kabla ya kontena la kwanza kushushwa, ukanda huu ulikuwa tayari bohari ya jiji kwa namna nyingine, kwani Mto Ruvu uliipa Dar es Salaam maji, na misitu ya Kibaha na Kisarawe, ukiwamo Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini ulioenea katika wilaya zote mbili, iliipa kuni, nguzo, mbao na mkaa.

Mkaa ndio mfano unaostahili kutazamwa kwa kina. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilitumia takribani tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, nusu yake hivi ikiishia Dar es Salaam, na kwamba biashara hiyo ilikuwa na thamani ya dola milioni 650 za Kimarekani, ilhali kahawa iliingiza dola milioni 60 na chai dola milioni 45. Kwa maneno mengine, zao kubwa kuliko mazao yanayoimbwa kuwa ya biashara lilikuwa linasafiri usiku juu ya baiskeli, pikipiki na malori, na ripoti hiyohiyo ilikadiria kuwa serikali ilikuwa ikipoteza karibu dola milioni 100 kila mwaka katika mapato yasiyokusanywa. Mwaka uliofuata watafiti waliochunguza misitu kuanzia Dar es Salaam kwenda nje walionyesha kwamba uharibifu hutembea kama wimbi: uchomaji mkaa ambao mwaka 1991 ulikuwa ndani ya kilomita 20 kutoka jijini ulikuwa umefika kilomita 50 mwaka 2005, na mbele yake lilikuwa limekwisha kupita wimbi jingine la wavunaji wa mbao zenye thamani kubwa. Mlolongo huo una mantiki yake ya kiuchumi. Kinachovunwa kwanza ni kile kinacholipa hata kikisafirishwa mbali, na mkaa hufuata kwa kukomba kilichobaki.

Swali la msingi ni kwa nini wimbi hilo halikusimama. Jibu liko katika mchanganuo wa bei ya gunia. Fedha anayotoa mlaji wa mjini hulipia nguvu za mchomaji, usafiri, ushuru au kile kinachotolewa mahali pa ushuru, faida ya mfanyabiashara wa jumla na faida ya muuzaji wa rejareja anayepima kwa kopo na ndoo. Mti wenyewe hulipiwa kidogo sana au haulipiwi kabisa. Kisheria mti una bei, kwa kuwa mrabaha hutozwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, lakini sehemu kubwa ya mkaa imekuwa ikipita nje ya utaratibu huo. Kwa hiyo mchomaji anayekata kibali, akaacha miti michanga na kujenga tanuri bora hubeba gharama ambazo mwenzake wa usiku hana, na magunia yao yanapokutana sokoni, mnunuzi haoni tofauti yoyote ila ya bei. Tanuri lenyewe lina hesabu yake: katika tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo, tani moja ya mkaa inaweza kuhitaji tani 5 hadi 10 za kuni, na mchomaji asiyelipia kuni hana sababu ya kifedha ya kuhangaikia upotevu huo. Anayeuita huo ujinga amekosea. Ni hesabu sahihi iliyofanywa kwa namba zisizo sahihi.

Dawa ya haraka iliwahi kujaribiwa. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa, na amri hiyo ilidumu takribani wiki mbili tu, kwa kuwa jiji lilihitaji kupika na bei zilipanda bila mkaa kutoweka. Somo lake ni kwamba marufuku isiyobadilisha mmiliki wa mti humwondoa sokoni mtii wa sheria kwanza, na kumwachia uwanja yule aliyekwisha kuzoea kujificha.

Wapo wanaodhani kwamba suluhisho ni kuleta mwekezaji mkubwa mwenye bidhaa ya kijani. Kisarawe ina ushahidi wake kuhusu dhana hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata hekta 8,211 zilizotoka katika ardhi za vijiji 11 vya wilaya hiyo, kwa ajili ya kulima mbono kaburi, mmea wenye mbegu za mafuta yaliyotarajiwa kuendeshea magari badala ya dizeli. Bidhaa ilikuwa ya kijani kwa kila tafsiri ya wakati ule. Mwaka 2011 kampuni ilianguka, wafanyakazi wakapoteza ajira, na wanavijiji wakajikuta hawana mshahara wala eneo walilokuwa wakiokota kuni, kuchoma mkaa, kuchimba dawa na kuchota maji. Kiini cha madhara hayo ni cha kisheria: ili ardhi ya kijiji itolewe kwa mwekezaji wa nje, sharti kwanza ihamishiwe katika kundi la ardhi ya jumla, ambayo haiko tena chini ya halmashauri ya kijiji, na mradi ukifa ardhi hairudi kijijini yenyewe. Biashara hiyo ilishindwa katika kipimo kilichotolewa mwanzoni, kwani gharama ya kuanguka kwake ilibaki kwa majirani. Ingekuwa haki kuongeza kwamba biashara ndogo nazo huanguka kila siku. Tofauti ni kwamba kibanda cha mama lishe kikifungwa hakiondoki na msitu wa vijiji kumi na kimoja.

Mfano wa kinyume chake unapatikana Kilosa, mkoani Morogoro. Kuanzia mwaka 2012, kwa ufadhili wa Uswisi, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania, unaojulikana kama MJUMITA, yalisaidia vijiji kutumia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayokiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Sehemu ya msitu iliyotengwa kwa mkaa iligawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa kuruka kama miraba ya bao la drafti, ili kila kitalu kilichovunwa kizungukwe na visivyovunwa na visiki vyake vichipue kwa miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Mchomaji hulipa ada kijijini, na kijiji huitumia kulinda msitu na kujenga madarasa au zahanati. Jambo la kuzingatia ni kwamba wachomaji wa huko hawakubadilishwa tabia kwa mahubiri. Walikuwa watu walewale wenye shoka zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mti ulipata mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa jirani yao, anayewafahamu kwa majina na anayeweza kuwanyima kitalu mwakani.

Hata hivyo, mfumo wa Kilosa hauwezi kuhamishiwa Kwala kama ulivyo. Kilosa ilikuwa na misitu mipana ya miombo katika ardhi ya vijiji, ilhali huku msitu mkubwa uliobaki ni hifadhi ya serikali kuu, ambamo kijiji kinaweza kushirikishwa katika ulinzi lakini hakiwezi kuwa mmiliki. Kinachobaki mikononi mwa vijiji ni vichaka, mashamba na maeneo ya malisho, na thamani ya ardhi hiyo inapanda kila kiwanda kinapotangazwa, kiasi kwamba kusubiri kisiki kichipue kwa miaka 24 kunaonekana kichekesho mbele ya dalali mwenye fedha taslimu.

Kwa sababu hiyo, njia za Kwala huenda zikapitia zaidi katika shughuli zisizohitaji kukata. Ufugaji nyuki ni mojawapo, kwa kuwa mzinga hudai mti uliosimama na maua yake, na kwa hiyo humpa mfugaji maslahi ya kuulinda; korosho na mihogo ni nyingine. Lakini hapa ndipo upande wa pili wa maadili unapojitokeza, nao ni kipimo. Mkulima anayeuza kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, hutoa mazao mengi kwa bei ya gunia moja, na huifidia hasara hiyo kwa kupanua shamba au kurudi porini kuchoma mkaa. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa na Wakala wa Vipimo huikemea, lakini mwenye usafiri ndiye anayeamua gunia limejaa lini. Nadra mizani kutajwa katika maandiko ya uhifadhi, ingawa mizani ya haki katika kijiji inaweza kuokoa miti mingi kuliko mabango.

Soko jipya la Kwala litapima haya yote. Vibarua, madereva na mawakala wa forodha wanahitaji kula, na watakaowalisha kwanza ni mama lishe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zilikwisha kutakiwa kuachana na kuni na mkaa. Vibanda vya mama lishe kumi, vyenye walaji wengi kuliko bweni la shule, havimo katika agizo hilo, kwa kuwa kila kimoja ni biashara yake. Gesi ina gharama kubwa siku ya kununua mtungi, mkaa una gharama ndogo kila siku, na mwenye mtaji wa kuungaunga hununua kwa siku. Mkaa mbadala nao unahitaji kuangaliwa kwa jina lake: uliotengenezwa kwa vifuu vya nazi au vumbi la mkaa ni jambo moja, na uliotengenezwa kwa makaa ya mawe, hata kama unanusuru miti, ni nishati ya kuchimba ardhini isiyorejea.

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni kwamba maskini hana uwezo wa kugharimia maadili. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Maskini hana uwezo wa kugharimia maadili peke yake, katika soko ambalo wenzake hawayagharimii. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, utaratibu uliosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024; mikopo hiyo ingeweza kulenga hasa ile gharama ya siku ya kwanza, yaani mtungi, mizinga au mizani ya kikundi, badala ya kumwongezea mtu mtaji wa kufanya kwa wingi jambo lilelile. Na kabla ya mikopo iko mipaka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kijiji kinaweza kupima mpaka wake, kupanga matumizi ya ardhi na kutoa hati za hakimiliki za kimila, kazi ambayo kando ya bandari kavu inashindana na kasi ya ununuzi wa viwanja. Kijiji ambacho kitakuwa kimetenga vichaka vyake kwa ajili ya nyuki na kuni kitakuwa na kitu cha kukipangia masharti. Kile ambacho bado kinajadili ni wapi mpaka unapita kitaitwa kwenye mkutano wa fidia, na ajenda itakuwa imekwisha kuandikwa.