Umbali kati ya Dume na Jike: Kuporomoka kwa Abaloni Mweupe wa California

Katika historia ya usimamizi wa uvuvi, mkasa wa abaloni mweupe wa pwani ya California, Marekani, unastahili kuangaliwa upya. Konokono huyu wa baharini, mwenye gamba moja lenye umbo la sikio, alianza kuvuliwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mavuno yalifikia kilele mwaka 1972, na baada ya miaka michache tu yakaporomoka.

Kanuni hazikukosekana. Ziliweka ukubwa wa chini wa gamba, kwa hoja kwamba kila abaloni angezaa mara kadhaa kabla ya kufikiwa na chuma cha mpiga mbizi. Hoja hiyo ilihesabu umri, ikasahau umbali. Abaloni hawapandani: dume humwaga mbegu na jike mayai katika maji ya bahari, na mbegu hutawanyika upesi. Wakitenganishwa na mita chache, mayai mengi hupotea bila kurutubishwa, hata jike akitoa mamilioni. Waliosalia, basi, walikuwa wazima lakini tasa kwa upweke. Ndiyo maana kufungwa kwa uvuvi mwaka 1996 hakukuwarejesha.

Mwaka 2001 abaloni mweupe akawa mnyama wa kwanza wa baharini asiye na uti wa mgongo kulindwa na sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka huohuo alizalishwa vituoni, ingawa maradhi yaliwaangamiza wengi wa makinda hayo. Waliolelewa vituoni walianza kurudishwa baharini mwaka 2019.